Saa nane za kusubiri ndege Mombasa: nibaki uwanjani, niingie Mji wa Kale au nikimbilie baharini?

Mzenji_Safarini
Wadau wa Mombasa, shikamooni wakubwa, wengine mambo. Ijumaa natoka Zanzibar, nashuka Uwanja wa Moi saa nne asubuhi. Ndege ya kwenda Kisumu inaondoka saa kumi na mbili jioni. Tiketi ni mbili mbali mbali, kwa hiyo begi nalichukua mwenyewe na kulikabidhi upya. Ni begi la mgongoni tu. Pasipoti ya Afrika Mashariki ninayo, viza si tatizo.

Nina mawazo manne: nikae palepale na kitabu changu, niende Fort Jesus na Mji wa Kale, Haller Park kule Bamburi, au Diani nikatie miguu maji. Mombasa sijawahi kukanyaga. Mngechagua lipi?

Kibokoni_Kwetu
Marahaba. Kukaa uwanjani futa kabisa. Ukishakunywa chai na kupita madukani umemaliza, na bado saa sita na ushei zinakutazama.

Mji wa Kale, wala usiulize tena. Wareno walianza kuijenga ngome ya Fort Jesus 1593, na Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo wakaingia. Ndani utaona vitu vilivyoopolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama hapo mbele 1697 wakati wa kuzingirwa kwenyewe. Panda ukutani uangalie mlango wa bahari, uone jinsi mizinga ilivyokuwa ikitawala chombo chochote kinachopita. Ukitoka shika Ndia Kuu kwa miguu, milango ya nakshi na roshani za mbao kushoto kulia, mpaka Msikiti wa Mandhry. Wewe wa Unguja utasema nakshi unazo kwenu. Ngome kama hii huna.

Salim_Teksi
Mimi naendesha gari mji huu, nitasema tofauti kidogo. Watu huchagua mahali pazuri halafu ndipo wanauliza njia. Mwenye ndege jioni aanze na njia ya kurudi.

Uwanja uko bara, upande wa Port Reitz na Changamwe. Mji wa Kale uko kisiwani. Katikati kuna Makupa, Kibarani na mzunguko wa Changamwe, na hapo unagawana barabara na malori ya kontena ya bandari ya Kilindini. Asubuhi unaweza kufika mjini kwa nusu saa. Jioni mwendo uleule unaweza kukula saa nzima na zaidi, na Ijumaa ni mbaya kupita siku zote.

Haller Park ndiyo siipendi kwa safari yako, ingawa pahali penyewe pazuri. Ile ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, René Haller akaanza kupanda miti 1971, leo ni msitu wenye twiga na viboko. Lakini kwenda huko unavuka kisiwa chote, unapanda Daraja la Nyali, halafu unarudi hivyo hivyo. Foleni mara mbili kila upande.

Sasa Diani, ambayo wengi wataiita mbali. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu. Unaingilia upande huuhuu wa uwanja, unavuka daraja la Mwache, kisha la Mteza lenye urefu wa kilomita 1.4, unatokea Kibundani upande wa Kwale. Kisiwa hukigusi, feri ya Likoni huioni. Kama saa moja uko mchangani. Kwa kilomita ni mbali, kwa uhakika wa kurudi inaishinda Bamburi.

Kibokoni_Kwetu
Salim, na nauli ya kwenda na kurudi Diani atalipa nani? Mjini anatoka getini, tuktuk mpaka Magongo, matatu ya mjini, anashuka. Diani lazima akodi gari na limsubiri.

Salim_Teksi
Hilo kweli, sibishi. Wakiwa watatu au wanne wanagawana. Akiwa peke yake mfuko utalia.

Bi_Mwana_wa_Tiwi
Kabla hajalipa pesa ya Diani, aangalie mwezi. Bamvua, yaani siku za maji makubwa mwezi ukiwa mpevu au mchanga, huku kwetu maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kwa hiyo akifika saa sita atakuta maji yako mbali, mwani juani, na atakapotakiwa kurudi uwanjani ndipo bahari inapendeza. Maji mafu, yaani siku za maji madogo, saa hupishana na hizo, anaweza kupata saa nzuri. Mwanangu, tazama kalenda ya mwezi kwanza.

leso_na_jina
Jamani, mmesahau ni IJUMAA. Adhuhuri maduka mengi ya Mji wa Kale yanafungwa, watu wako msikitini. Anayefika saa sita na nusu anakuta makufuli, anaandika mtandaoni kwamba Mombasa hamna kitu.

Geuza mpangilio. Ukifika mjini anza Biashara Street, leso zimejaa pale, duka la Mali ya Abdulla liko tangu 1887. Marikiti ni karibu, viungo na achari. Wakati wa swala, kama huendi msikitini, ingia ngomeni, haifungwi. Malipo ya ngome uwe tayari na kadi au M-Pesa, usitegemee noti, na onyesha pasipoti kwa sababu bei ya Afrika Mashariki ni pungufu ya mgeni wa mbali. Watu wakitoka msikitini ndipo ule biriani, halafu upite vichochoro ukiwa umeshiba. Viazi karai mtu asikukataze.

Mzenji_Safarini
Ahsanteni sana. Nitakuwa peke yangu, basi Diani naiacha. Naenda Mji wa Kale kwa mpangilio wa leso_na_jina. Nitoke mjini saa ngapi?

Salim_Teksi
Saa nane na nusu uwe ndani ya gari. Usipande matatu wakati wa kurudi, chukua teksi au Bolt, maana matatu ikiona foleni inaweza kukushusha njiani. Ukikuta barabara nyeupe na muda umekubakia, simama kwa wachongaji wa ushirika wa Akamba, Port Reitz Road, Changamwe. Wako tangu 1963, unawaona wanachonga vinyago hapohapo, na uwanja uko jirani. Mimi abiria wangu wenye muda wa ziada nawasubirisha pale, siyo mjini. Saa kumi uwe umeshakabidhi begi.

Mzenji_Safarini
Sawa kaka. Swali la mwisho: achari ya embe naweza kupanda nayo?

leso_na_jina
Kisumu ni ndege ya ndani, lakini usijaribu bahati na chupa ya mafuta mkononi. Mwambie muuzaji aifunge mifuko miwili, uitie kwenye begi unalokabidhi, mbali na leso. Mabuyu na kashata beba mkononi, utakula njiani.