Huyu wa "mto wenye kucha" ametuvunjia heshima mchana kweupe!

Bibi_wa_Pusi (mleta uzi)

Wadau, jina sitaji. La nini? Mnamjua nyote: yule anayetuma picha ya waridi na "asubuhi njema" saa kumi na moja alfajiri, halafu akiulizwa pesa za taka ziko wapi, simu imezima chaji.

Leo kwenye kikundi cha ploti mtu ameuliza swali la heshima kabisa: paka wa gorofa ya nne abaki ndani au aachiwe ashuke? Akajibiwa kwa utaratibu, wavu wa dirisha, sanduku la choo, chanjo, hatua kwa hatua. Kabla watu hawajamaliza kusoma, mheshimiwa akatua na mstari mmoja: "Paka wa ndani si paka, ni mto wenye kucha." Na vikatuni vya kucheka kutoka ukingo wa simu mpaka ukingo wa pili. Na watu wazima, wenye watoto sekondari, wakampigia makofi!

MTO. WENYE. KUCHA.

Aachiwe aende wapi, mheshimiwa? Mbele ni matatu zinazopanda hadi njia ya waendao kwa miguu, nyuma ni jalala lililonyunyiziwa sumu ya panya. Na hiyo sumu anayoiongelea kama unga wa chapati, ile ya kuchuuzwa barabarani, mara nyingi haina hata karatasi ya maelezo. Zile za kuzuia damu kuganda hazimwangushi panya palepale. Anazurura siku kadhaa akizidi kulegea, na panya mlegevu ndiye wa kwanza kukamatwa. Paka akimla, dalili nazo zinachelewa, siku 3 hadi 5 hivi: ufizi unapauka, pumzi inakuwa fupi, damu inatoka puani au kwenye kinyesi. Tiba ni vitamini K1 kwa wiki kadhaa, kwa vipimo vya daktari wa mifugo. Tiba ya mheshimiwa? "Mpe maziwa." Maziwa hayagandishi damu! Paka wengi wakishakua hawameng'enyi vizuri sukari ya maziwa, kwa hivyo umemwongezea kuhara juu ya sumu.

Akaendelea, maana hakutosheka: "Na dume msimhasi, mtamnyima urithi." Urithi upi? Madume wasiohasiwa hupigana, na kirusi cha ukimwi wa paka hupita hasa kwenye jeraha la meno, halafu hakina dawa. (Hakiambukizi watu, kabla hamjaanza.) Jike naye ndio balaa. Ulaya jike hupumzika majira ya baridi kwa sababu mchana umefupika. Nairobi iko hatua chache kusini mwa ikweta, mchana ni kama saa 12 Januari hadi Desemba, hivyo hakuna likizo. Asiyefungwa kizazi anarudi kwenye joto kila wiki 2 au 3 mpaka ashike mimba, mimba yenyewe ni siku 63 hadi 65, na anaweza kuanza akiwa na miezi 4 tu. Halafu huyohuyo mheshimiwa mwezi ujao atalalamika kwamba paka wamejaa kwenye ngazi.

Lakini hayo yote ningemsamehe. Mto? Mbele ya ploti nzima? Wenye kucha??

Kijana_wa_Roysa

Nimesoma mpaka mwisho nikitafuta paka aliyekufa, kumbe marehemu ni heshima ya mleta uzi.

Nusu_Kilo_Omena

Huyo wa waridi ni wetu! Ametoka Umoja lini?

Mama_Kasarani

Ni wetu sisi. Mpaka saa ya kutuma ni ileile.

Fundi_Grili

Pole dada, ila "wavu wa dirisha" umeutaja kwa mdomo tu, na hapo ndipo paka wanapoangukia. Wacha niweke sawa.

Wavu wa mbu si wavu wa paka. Ule laini kucha zinauchana, na ule wa kubandikwa kwa sumaku unatoka mzima paka akiuegemea, wanashuka wote wawili. Wavu wa kuku pia achana nao: umesokotwa, ukikata uzi mmoja unaanza kufumuka, na tundu lake linakamata mguu. Chukua weldimeshi (wavu wa waya uliochomelewa) iliyopakwa zinki, tundu la inchi 1, waya wa geji 16 au mnene zaidi (14 ni mnene kuliko 16, msichanganyikiwe dukani). Usipime kwa ukubwa wa tumbo la paka. Mfupa wake wa mtulinga haujashikana na mabega, kwa hiyo kichwa kikipita, mengine yote yanapita.

Sasa tatizo ambalo watu hukutana nalo wakishalipa. Madirisha mengi ya chuma ya hapa yanafunguka kwenda nje na grili iko ndani. Ukifunga weldimeshi juu ya grili yote, mkono haufiki tena kwenye komeo, dirisha halifunguki wala halifungiki, na mvua inanyesha sebuleni. Kata kipande cha kama inchi 6 kwa 6 pale kwenye komeo, kirudishie kama kamlango kwa waya upande mmoja, upande wa pili kulabu. Kingo zote zilizokatwa zikunje inchi 1 kuelekea dirishani, la sivyo ni paka na watoto watakaokatwa. Funga kwa waya wa kufungia nondo kila baada ya sentimita 15, sokota kwa koleo, ncha ziinamie nje. Tai za plastiki nyeupe jua linazikausha zinakatika zenyewe. Nyeusi za kuhimili jua zinadumu zaidi, ila waya ni waya.

Na choo! Kila mtu anasahau dirisha la vioo vya kulala pale chooni. Kioo kimoja kikichomoka kwenye kishikio tayari ni mlango.

Bibi_wa_Pusi

Ahsante Fundi. Unaona? Hivi ndivyo watu hujibu. Hawasemi "mto".

Panya_Hawalali

Mimi niko na mheshimiwa. Paka ni mlinzi, si pambo. Ploti yenye paka wa nje haina panya. Na hii hofu ya gorofa imezidi: mwaka 1987 madaktari wa New York walichapisha hesabu ya paka 132 walioanguka kutoka majengo marefu, asilimia 90 wakapona. Paka hujigeuza hewani.

Nusu_Kilo_Omena

Kwa hivyo tuwarushe?

Daktari_wa_Mbuzi

Panya_Hawalali, hao 132 ni waliofikishwa kliniki. Waliokufia kwenye lami hakuna aliyewapeleka, ndiyo maana asilimia inapendeza. Na "kupona" huko ni baada ya kutibiwa: mapafu yaliyopigwa, hewa iliyovujia kifuani, taya na kaakaa vilivyopasuka, miguu ya mbele iliyovunjika. Kujigeuza hewani ni kweli. Kunamsaidia atue kwa miguu, hakupunguzi ugumu wa sakafu ya saruji. Ukimkuta ameanguka, usimbebe mikononi wala usimpe chakula. Mtelezeshe juu ya ubao au kadibodi ngumu, mfunike, umpeleke hata kama anatembea, kwa sababu shida ya kifua inaweza kujionyesha saa kadhaa baadaye.

Kuhusu panya: 2018 watafiti waliripoti kuhusu panya na paka wa mtaani kwenye kiwanda cha taka Brooklyn, New York, wakiwa wameweka kamera. Siku 79, panya waliouawa mbele ya kamera ni 2. Panya mkubwa wa mjini anang'ata, paka anajua hesabu zake, anachukua ndege na mijusi. Ukitaka panya waondoke, funika taka na uzibe matundu ya mabomba kwa sufi ya chuma na saruji. Sufi pekee wanaing'oa.

Panya_Hawalali

Brooklyn si Pipeline yetu ya Nairobi. Paka wa Brooklyn wamezoea kutupiwa chakula.

Daktari_wa_Mbuzi

Na panya wa Pipeline wamezoea nini, kufunga Ramadhani?

Langata_Pembeni

Mmesahau upande wetu. Ukiwa jirani na Mbuga ya Nairobi, paka asiyehasiwa anayezurura usiku anaweza kukutana na paka mwitu wa Afrika, ambaye ni damu moja naye kabisa, wanazaa na watoto wao wanazaa. Kila kizazi cha mchanganyiko kinapunguza paka mwitu halisi. Canberra, mji mkuu wa Australia, wao wametunga sheria: paka aliyezaliwa kuanzia 1 Julai 2022 lazima adhibitiwe kwenye makazi ya mwenyewe. Chui nao wapo, ila hilo nawaachia.

Kijana_wa_Roysa

Sisi wa Roysambu chui wetu ni kanju, wale askari wa jiji.

Maranda_Safi

Naongeza kuhusu choo, maana ndicho kinachowashinda watu halafu wanasema "paka wa ndani ananuka". Hanuki paka, linanuka sanduku. Liwe refu mara moja na nusu ya urefu wa paka bila mkia. Hesabu: paka waliopo ukiongeza 1. Paka 2, masanduku 3, na yasipangwe pamoja kwenye kona moja kwa sababu kwa paka hiyo ni sehemu moja tu. Jaza sentimita 5 hadi 7. Maranda ya seremala yanafaa na ni ya bei rahisi, ila uliza mbao: zilizopakwa dawa ya mchwa hapana, na vumbi laini la msumeno linamkohoza, pepeta kwanza.

Ondoa kinyesi kila siku. Vijidudu vya tokso (toksoplasmosi, ugonjwa unaoweza kumdhuru mtoto tumboni) vikitoka kwenye kinyesi huhitaji siku 1 hadi 5 kabla havijaweza kuambukiza, kwa hivyo ukiondoa kila siku umevitangulia. Mama mjamzito ampe mtu mwingine hiyo kazi. Usimwage maranda chooni, bomba la gorofa litaziba na mtakutana na mheshimiwa wa waridi mkiwa na jerikeni. Na usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo: hutoa gesi inayochoma koo. Dawa zinazogeuka nyeupe ukizitia maji nyingi zina fenoli, ini la paka haliziwezi. Maji moto na sabuni, basi.

Jike_la_Simba

@Maranda_Safi na anayelia mlangoni usiku kucha?

Maranda_Safi

Kwanza kizazi kifungwe, nusu ya kilio ni hicho. Cheza naye kamba yenye manyoya kwa dakika 10, mwache aikamate mwishoni, ndipo umpe chakula cha usiku. Kuwinda, kula, kujilamba, kulala: huo ndio mpangilio wake. Ukifungua mlango hata mara moja kwa sababu amelia, umemfundisha kwamba kilio ni ufunguo.

Bibi_wa_Pusi

Mwenye "mto" hajui hata moja kati ya haya. Mto haulii mlangoni!

Sina_Depo

Fundi_Grili, maelezo mazuri, ila landilodi gani wa Nairobi atakubali weldimeshi kwenye dirisha lake? Ukihama atakata depo yote, ile amana uliyoweka ukiingia, aseme umetoboa ukuta.

Fundi_Grili

Hakuna kutoboa. Inafungwa kwenye grili. Ukihama unakata waya, unaondoka nayo.

Sina_Depo

Atakata vilevile. Atasema rangi ya grili imekwaruzwa. Hawa watu depo wanaihesabu kama mshahara wa kumi na tatu.

Mpangaji_Mkongwe

Ndiyo maana unapiga picha siku ya kuingia, kila ukuta, kila swichi, sinki likiwa na maji yanayoshuka, unamtumia kwa barua pepe siku hiyohiyo ili tarehe ibaki. Na orodha ya hali ya nyumba isainiwe na keateka, yule mtunza nyumba. Bila hizo, huna kesi.

Jike_la_Simba

Kuna baraza la kodi za nyumba si lipo?

Mpangaji_Mkongwe

Lipo, ila soma sheria yenyewe, Sura ya 296 ya sheria za Kenya: inahusu nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi.

Nusu_Kilo_Omena

Nyumba ya 2,500 Nairobi ni ya huyo paka.

Sina_Depo

Na ile "rangi ni lazima upake unapotoka" imetoka wapi? Umekaa miezi 5, kuta safi, unaambiwa upake nyumba nzima kwa fundi wake, kwa bei yake!

Mama_Kasarani

Fundi wake ni shemeji yake. Na maji je? Wetu wanafungua Jumanne usiku tu, halafu bili inasoma utadhani tunafuga viboko.

Bibi_wa_Pusi

Jamani turudi kwa mada. Mto.

Kijana_wa_Roysa

Mto gani? Mathare au Ngong?

Sina_Depo

Hapa tunaongea rangi dada, ngoja kidogo. Mkongwe, ukipaka mwenyewe anaweza kukataa?

Mpangaji_Mkongwe

Angalia kwanza mkataba kama umetaja fundi. Kama haukutaja, mwandikie kabla. Shida ya watu ni kupaka viraka. Ukuta wa rangi inayong'aa kidogo ukiuweka kiraka cha rangi isiyong'aa, jua la jioni linakifichua, na hapo amepata sababu. Chomoa kipande kidogo kilicholegea nyuma ya mlango, kipeleke dukani wakuchanganyie rangi kwa kulinganisha. Matundu ya misumari jaza kwa fila, iache ikauke kabisa, piga msasa wa 120, kisha paka ukuta mzima kona hadi kona, mikono miwili, yaani upake mara mbili, ukisubiri saa 4 kati ya mkono na mkono.

Fundi_Grili

Na ufute ile masizi ya jikoni kwa sabuni kabla. Ukipaka juu ya mafuta, rangi inabambuka wiki ya pili.

Sina_Depo

Lita 4 zinatosha bedsita, nyumba ya chumba kimoja?

Fundi_Grili

Kuta peke yake, mkono mmoja, ndiyo. Mikono miwili na dari, ongeza kopo lingine. Usimruhusu akuuzie lita 20, hiyo inayobaki ataipaka nyumba ya jirani.