Mdogo wangu anapanda jukwaani wiki ijayo, kocha kampa vidonge vya kukausha maji. Nimzuie?

Dada Mkubwa wa Mbagala:
Wakuu, heshima kwenu. Naishi na mdogo wangu wa kiume, mtunisha misuli. Nikinunua trei ya mayai Jumatatu, Jumatano nakuta maganda. Hilo nimeshazoea. Kuku anachemsha bila chumvi, wali anaupima kwenye mizani, na akitoka lindo alfajiri (ni baunsa Sinza) anapitia jimu kwanza ndipo aje kulala. Bidii yake siibezi.

Juzi nafua suruali yake nikakuta bahasha ya kaki, ndani vidonge vyeupe visivyo na jina. Kumbana, anasema kocha kampa vya kukausha maji ili misuli ichoreke, ataanza Alhamisi, na maji ya kunywa anaacha siku hiyo hiyo. Kumbe na sindano za homoni za kukuza misuli anachoma tangu mwaka jana! Usiku misuli ya miguu inambana mpaka anagugumia. Kocha kamwambia bila hivyo hapenyi, maana majaji wana watu wao. Nikisema neno, eti namuonea wivu. Mama yuko Lindi, sijamwambia. Nifanyeje?

Kifua Mbele:
Dada, mwache dogo apambane. Kila anayepanda anatumia. Ronnie Coleman kachukua Mr. Olympia, shindano kubwa kuliko yote la watunisha misuli, mara 8, unadhani kwa maharage?

Siti ya Dirishani:
Mimi naomba tu namba ya dogo, kuna mtu ana deni langu.

Nesi wa Zamu:
Kifua Mbele, huyo Coleman umeona anavyotembea siku hizi? Magongo na kiti cha magurudumu, mgongo umepasuliwa mara kibao kwa ajili ya yale mavyuma.

Dada, sindano zinaumiza polepole: kuta za moyo zinanenepa, presha inapanda, figo zinachoka, korodani zinasinyaa kwa sababu mwili umeacha kutengeneza homoni yake. Vidonge vya kukojoza havina subira hiyo. Vinatoa maji pamoja na madini, na potasiamu ikivurugika mapigo ya moyo yanakwenda ovyo, mtu anadondoka. Mtunisha misuli Mohammed Benaziza alishinda shindano huko Uholanzi mwaka 1992, hakumaliza saa 24 akafariki. Mwenzake Andreas Münzer wa Austria alikufa 1996 akiwa na miaka 31, viungo vimegoma kimoja baada ya kingine.

Ila kuna kitu umekipita haraka. Unasema ataanza Alhamisi, na misuli inambana sasa hivi. Kavihesabu hivyo vidonge.

Mkongwe wa Vyuma:
Niongezee kwenye siasa, maana nimeshindana enzi zangu. Mchezo huu hauna saa wala futi ya kupimia, ni macho ya jaji. Hata kule juu, Mr. Olympia ya mwaka 1980 pale Sydney, Arnold Schwarzenegger alirudi baada ya kukaa nje miaka 5 akapewa ubingwa, watu wakazomea, na mpinzani wake Mike Mentzer hakushindana tena. Sasa hapa kwetu unakuta jaji na kocha wanakula supu meza moja. Kama matokeo yanapangwa mezani, kidonge kitabadilisha nini? Na zawadi yenyewe mara nyingi kikombe na kopo la protini, hata hela ya mayai yako hairudi.

Mwambie apande bila kujikausha, au ahamie kundi la Men's Physique. Kule wanavaa kaptura, mapaja hayahukumiwi.

Dada Mkubwa wa Mbagala:
Nimerudi. Bahasha imebaki nusu. Anasema alikuwa "anajaribu kidogo". Anadai moyo unamruka akipanda ngazi.

Nesi wa Zamu:
Basi hiyo si ya kusubiri kesho. Mpeleke hospitali sasa hivi, bebeni na bahasha. Wampime umeme wa moyo, potasiamu na figo. Daktari ajue kuwa ni mtu wa vyuma, maana kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kuangalia figo) ya wenye misuli mikubwa huwa juu kidogo kwa kawaida. Na ataje sindano zote, asione aibu.

Dada Mkubwa wa Mbagala:
Amekubali, kwa sharti mama asijue. Tupo kwenye bajaji tunaelekea Temeke. Kocha anapiga simu, nimemwambia asipokee.

Kifua Mbele:
Nesi, njoo PM kidogo. Hiyo ya miguu kubana usiku...

Nesi wa Zamu:
Uliza hapa hapa mkuu, na wenzako wasome.