Skripti inaambiwa barua imetumwa, mteja hapati kitu: wanaotuuzia nafasi ya tovuti watupe kumbukumbu zetu

Ndugu mafundi wa Lubumbashi na wa kwingineko,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa sababu jambo nitakaloeleza linawala watu fedha zao, na wanaolisababisha wameamua kulinyamazia. Ninaandika programu za ofisi ndogo ya wakala wa forodha hapa mjini. Mojawapo ni skripti (programu fupi) ya PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, ambayo, hati za lori zinapokamilika kule Kasumbalesa, humtumia mwenye mzigo barua pepe yenye nakala za hati hizo, awe yuko hapa, Ndola au Dar es Salaam. Asipoipata barua hiyo halipi kinachotakiwa, lori linabaki mpakani, na gharama za maegesho zinaendelea kuhesabiwa huku kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayechelewesha.

Kampuni tuliyonunua kwake nafasi ya tovuti, ambayo sitaitaja, inatangaza barua pepe bila kikomo. Skripti inaita mail(), amri ya PHP ya kutuma barua, inajibiwa true (ndiyo), na barua haionekani popote, hata katika kisanduku cha barua taka. Anayeifahamu PHP anajua kwamba jibu hilo lina maana finyu sana: programu ya barua iliyomo ndani ya seva imeipokea barua ili iipeleke. Mwongozo wa PHP wenyewe unaonya kwamba kupokelewa huko si uthibitisho kwamba barua itafika. Yanayofuata huandikwa katika kumbukumbu za seva, yaani saa barua ilipotoka, seva iliyoendewa, na jibu lililotolewa huko, 250 ikiwa imekubaliwa, 550 ikiwa imekataliwa, pamoja na sababu yake. Mistari hiyo ipo na kampuni inaweza kuisoma. Nilipoomba ile inayohusu kikoa chetu (jina letu la mtandaoni) peke yake, nilijibiwa kwamba kumbukumbu ni siri ya kampuni na kwamba kosa liko katika msimbo wangu. Mtu anawezaje kukuhukumu kwa ushahidi anaokunyima?

Hata taarifa za kukataliwa hazitufikii. Barua inayotumwa kwa mail() hubeba anwani mbili za mtumaji: ile anayoiona msomaji, na ile ya bahasha, ambayo ndiyo hurudishiwa habari barua inapokataliwa. Usipoitaja anwani ya bahasha katika kigezo cha tano cha mail() kwa alama ya -f, seva nyingi za pamoja huweka jina la akaunti yako kwenye seva likifuatwa na jina la seva yenyewe. Nilikitumia kigezo hicho tangu mwanzo, lakini kampuni imekizuia, hivyo habari zote za kukataliwa zinaingia katika kisanduku ambacho mteja hajapewa njia ya kukifungua. Madhara hayaishii hapo, kwa kuwa ukaguzi wa SPF, yaani rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa, huangalia kikoa cha anwani ya bahasha. Rekodi ya SPF niliyoiandika vizuri kwa ajili ya kikoa chetu haitazamwi kabisa, kwa sababu bahasha ina jina la kikoa chao.

Nikaamua kuiacha mail(). Niliweka PHPMailer, maktaba ya PHP ya kutuma barua, na kuielekeza skripti kwenye smtp.gmail.com, seva ya Google ya kutuma barua, kupitia mlango namba 587 ambao programu hutumia kuikabidhi seva barua, kwa nywila maalumu ya programu yenye herufi 16, ile ambayo Google hutoa kwa akaunti iliyowashiwa uthibitisho wa hatua mbili, kwa kuwa tangu tarehe 30 Mei 2022 akaunti za kawaida za Gmail haziruhusu tena programu iingie kwa nywila ya kila siku. Hapo ndipo nilipokuta jambo lililonikasirisha kuliko yote. Skripti iliomba seva ya Google, lakini cheti cha usalama, kile kinachothibitisha seva ni ya nani, kilichorudi kilikuwa na jina la seva ya kampuni yetu! Maana yake ni kwamba wanayakamata maunganisho ya SMTP (utaratibu wa kutuma barua pepe) yanayotoka, wanayageuza na kuyapeleka kwenye seva yao ya barua, bila kuandika neno hata moja juu ya hilo katika mkataba. PHP, ambayo tangu toleo la 5.6 la mwaka 2014 hukagua vyeti bila kuagizwa, ilikataa kuendelea, na ilifanya vema kukataa.

Nilipowapelekea ujumbe wa kosa, fundi wao alinishauri niweke verify_peer, mpangilio wa kukagua cheti, kuwa false, yaani niuzime. Naomba kila anayesoma hapa aelewe uzito wa ushauri huo. Skripti ingeacha kuuliza inazungumza na nani, kisha ingekabidhi jina na nywila ya akaunti ya ofisi kwa seva yoyote itakayoitika, na katika hali yetu ingekuwa seva ya watu ambao hatukukusudia kuwapa nywila hiyo. Ushauri wa namna hii umenakiliwa sehemu nyingi kama dawa ya kosa la cheti, na wanaoendelea kuunakili wanawaharibia wenzao.

Sikatai kwamba wana sababu ya kudhibiti barua zinazotoka. Mlango namba 25, ambao seva hutumia kupelekeana barua, hufungwa na kampuni nyingi duniani ili tovuti zilizodukuliwa zisimwage barua taka, na ni haki yao kuufunga. Lakini basi waandike kwamba umefungwa. Vilevile, anwani moja ya IP (namba ya seva mtandaoni) inatumiwa na tovuti nyingi; tovuti moja ikidukuliwa na anwani ikaingia katika orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha anwani zinazotuma barua taka, sote tunakataliwa, kama umeme wa parseli nzima unavyokatwa kwa deni la mpangaji mmoja. Mteja ana haki ya kuambiwa siku hiyohiyo ili atafute njia nyingine ya kuwafikia watu wake.

Wanaponiambia nirekebishe msimbo, wanajua vizuri kwamba yaliyobaki hayamo mikononi mwangu. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM (sahihi ya kidijitali inayotiwa kwenye barua), na seva inayotuma iwe na rekodi sahihi ya PTR, ile inayoonyesha jina la anwani ya IP, huku anayepeleka barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenye anwani za Gmail akitakiwa kuwa na SPF, DKIM na DMARC (rekodi inayosema barua zisizopita ukaguzi zifanywe nini) kwa pamoja. Ofisi yetu haifiki hata karibu na kiasi hicho, ila masharti ya kwanza yanatuhusu. Kwa kawaida sahihi ya DKIM hutiwa na seva inayotuma barua, ambayo ni yao, na rekodi ya PTR hupangwa na mwenye anwani ya IP. Yote mawili niliyaomba kwa maandishi, na hakuna lililojibiwa.

Ninachodai kinawezekana: mteja aone kumbukumbu za barua za kikoa chake, aruhusiwe kuweka anwani yake ya bahasha, DKIM iwashwe, na mkataba utaje milango iliyofungwa na maunganisho yanayogeuzwa. Mkataba wetu ukiisha hatutaurefusha, na skripti nitaihamishia kwenye seva ya kukodi.

Aliyeko Lubumbashi, Likasi au Kolwezi ambaye kampuni yake inamwonyesha kumbukumbu hizo, aeleze hapa zinaonekanaje, kama mlango namba 587 unatoka bila kugeuzwa, na kama malipo yanapokelewa kwa pesa ya simu, kwa sababu ofisi nyingi ninazozihudumia hazina kadi ya benki.