Mjazo wa pai ya matufaha: mabichi, ya kupikwa, au kuchemsha maji yake peke yake?

MamaPai_Ipagala
Habari zenu wapendwa. Nauza pai za vipande hapa Ipagala na nataka nishike njia moja. Nimejaribu mbili. Matufaha mabichi, sukari na mdalasini, moja kwa moja kwenye unga: harufu safi, lakini ukikata unakuta pango, unga umesimama juu na matunda yamelala chini kwenye maji. Nikayapika kwanza kwenye sufuria mpaka yakalainika: maji hakuna, ila yakawa uji wa mtoto. Natumia yale mekundu ya sokoni Majengo. Wenzangu mnafanyaje?

Fundi_Keki_Kisasa
Dada, anza na tunda lenyewe. Mengi ya yale mekundu matamu yakipata moto yanavurugika. Chukua ya kijani, Granny Smith, yale yanayoletwa kutoka Afrika Kusini. Ni makali na yanashika umbo.

Pango linatokea kwa sababu tufaha bichi lina maji na hewa nyingi. Linaponywea ndani ya oveni, unga wa juu umeshakauka, hauwezi kulifuata. Ndiyo maana mimi nayanyweza kabla. Kilo 1 iliyomenywa, vipande vya nusu sentimita, sukari gramu 150, ndimu moja, chumvi ya kubana na vidole. Acha saa moja, sukari itavuta maji. Chuja, yale maji yachemshe peke yake na kijiko cha siagi hadi yawe mazito kama asali. Vipande vichanganye na konfulawa (wanga mweupe wa mahindi) vijiko viwili vya chakula na mdalasini, kisha mwagia ile asali yake. Ladha yote inabaki na kipande kinabaki kipande.

Kijana_Nzuguni
Ni nzuri kwa pai ya sikukuu. Mtu anayeuza kila asubuhi hana hiyo saa moja. Dada, sufuria haikukosea, muda ndio ulizidi. Sufuria pana, moto mkali, bila kifuniko, dakika tano basi. Yatamalizia kuiva ndani ya pai. Konfulawa ikoroge kwa maji ya baridi, mimina mwishoni, ichemke dakika moja, epua. Ndimu weka ukishaepua, maana ikichemka muda mrefu pamoja na konfulawa rojo linarudi kuwa jepesi.

MamaPai_Ipagala
Asanteni sana. Na friza je? Natamani nipike Jumapili nitumie wiki nzima.

Bibi_wa_Mpwapwa
Kwa friza, mwanangu, konfulawa iache. Ikiganda halafu ikayeyuka inatoa maji na rojo linakuwa kama sponji. Tumia wanga wa muhogo, ule unaotuama chini ukikuna muhogo mbichi na kuukamua kwenye maji. Unga wa muhogo wa ugali usiweke, utafanya rojo liwe na weupe na ladha ya muhogo itasikika. Kwenye friji ya kawaida, usipogandisha, siku tatu au nne zinatosha. Na mjazo upoe kabisa kabla hujaugusisha na unga, la sivyo siagi inayeyuka na chini panakuwa pabichi.

Mwana_wa_Mvumi
Mbona hakuna aliyetaja ubuyu, nasi tuko Dodoma? Unga wa ubuyu mweupe, usiotiwa rangi wala sukari, ni mkali na una pektini, kile kinachofanya jamu ishike. Kwa kilo 1 naweka kijiko kimoja cha chakula, nimeuchekecha, badala ya ndimu. Konfulawa napunguza nusu. Zabibu kavu kiganja kimoja juu yake, nyumbani kwetu pai haibaki mpaka jioni.

Fundi_Keki_Kisasa
Ubuyu nakubali kwa ukali, ila rangi inafifia kidogo. Kwa pai ya kuuza wazi juu ningebaki na ndimu.

MamaPai_Ipagala
Shikamoo bibi, na asanteni wote. Leo nimepika mbili za kijani. Ya Fundi imeshinda kwa ladha, tena kwa mbali, mume wangu kaitambua bila kuambiwa. Lakini za kila siku nitafuata dakika tano za Kijana wa Nzuguni, na wanga wa muhogo kwa zile za friza. Ya ubuyu naifanya Jumamosi, nimeshaagiza unga wake.