Mihogo inaoza ndani: niende SUA (chuo kikuu cha kilimo) au TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo)?

Wakuu habari, nipo Mkuranga, mihogo yangu juu ukiiona imestawi kabisa ila nikichimba nikakata naona madoa ya kahawia makavu kama kizibo, nusu haiuziki. Jirani kaniambia peleka SUA Morogoro kuna wataalamu wa magonjwa ya mimea, mwingine kasema hao ni wa kufundisha wanafunzi tu. Niende wapi?

MkulimaPwani: Pole mkuu, huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, si batobato. Batobato unaiona kwenye majani yanavyojikunja, hii inajificha chini. Morogoro mbali bure, anza na afisa ugani halafu TARI Kibaha, muhogo ndo kazi yao.

Bwanashamba_mstaafu: Chuo nacho kina kazi yake bana, hao mabwanashamba wanasomea wapi? Na ugonjwa huu ulielezwa hapahapa kwetu, Amani kule Tanga, mwaka 1936! Baadaye, kuanzia 2004 hivi, ukaanza kusambaa Uganda hata kule juu zaidi ya mita 1000 ambako watu walidhani haufiki, ndo maana nchi lazima zishirikiane, kuna ASARECA, umoja wa utafiti wa kilimo wa nchi za Afrika Mashariki na Kati, pale Entebbe kwa kazi hiyo, maana inzi weupe wanaoeneza virusi vyake hawaulizwi pasipoti.

Muuliza: Sawa wakuu. Sasa pingili nilizokata msimu huu nipande?

MkulimaPwani: Usithubutu! Wala usimgawie jirani, virusi vinasafiri humohumo. Uliza Kibaha kama mbegu safi ya muhogo aina ya Kiroba ipo.