Kikundi cha ukoo: Taa haizimiki

Dada Mkubwa: Shikamooni wakubwa. Samahani kwa kuwajazia simu asubuhi hii. Nimetoka kwa wakala wa gari, hasira zimenijaa mpaka mikono inatetemeka.

Mama: Marahaba mwanangu. Si ulisema jana limeshatengenezwa?

Dada Mkubwa: Ndivyo walivyoniambia. Mnakumbuka ile barua ya kuita magari yarudishwe, mfuko wa hewa wa kwenye usukani? Kifaa nimekisubiri miezi minne. Jana nikaliacha asubuhi, jioni nikalichukua, karatasi imegongwa muhuri IMEKAMILIKA. Sijafika hata njia panda, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, ile ya mtu mwenye puto tumboni. Mpaka sasa haijazimika.

Kitindamimba: Puto tumboni 😂😂

Mjomba: Acha mzaha. Ukiwasha gari, taa hiyo huwaka sekunde chache ikazima. Ikibaki, kompyuta imeona hitilafu. Ukigonga, mfuko unaweza usifunguke kabisa.

Mama: Mungu wangu! Basi usiliendeshe.

Dada Mkubwa: Ngoja Mama, bado. Leo nimewarudia. Kijana wa mapokezi hata kuinuka hakuinuka. "Kazi ya wito imeshafungwa kwenye mfumo, taa ni jambo lingine, ulipie kipimo." Nikamwuliza, jambo lingine lipi? Gari limeingia kwenu taa haiwaki, limetoka inawaka! Akatazama skrini yake. Akarudia: imefungwa.

Shangazi: Unapeleka mgonjwa wa jino, anatoka anachechemea, wanakwambia mguu hauwahusu.

Mjomba: Honi inalia?

Dada Mkubwa: Sijajaribu. Ngoja nishuke kwenye maegesho.

Dada Mkubwa: Hailii!! Mjomba umejuaje?

Mjomba: Nyuma ya usukani kuna utepe wa waya uliojiviringa kama futi ya fundi cherehani. Ndio unaopitisha umeme wa honi na wa mfuko wa hewa huku usukani ukizunguka. Soketi za mfuko huwa za njano, zina kibano. Usipokisukuma mpaka kilie "ta", inakaa kama imeingia kumbe haijaingia. Ama hawakubana, ama waliuzungusha huo utepe ovyo ukakatika. Kwa vyovyote, aliyefungua usukani jana ni wao. Taa kuwaka na honi kufa siku moja, hiyo si bahati mbaya.

Kitindamimba: Kwani ndiyo ile mifuko ya kampuni ya Takata?

Dada Mkubwa: Barua inasema hivyo.

Mjomba: Fataki yake ilitumia nitreti ya amonia. Ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, siku ya ajali inalipuka kupita kiasi, kasha la chuma linapasuka na vipande vinamrukia dereva. Takata yenyewe iliomba kufilisika 2017, lakini magari yameendelea kuitwa. Kwa hiyo hata ule wa zamani usingebaki nao.

Dada Mkubwa: Taa ningeivumilia. Kinachoniuma ni hiki: nimeingiza namba ya chesisi, tarakimu na herufi zote 17, kwenye tovuti ya mtengenezaji. Juzi ilisema gari lina wito haujafanyiwa kazi. Leo inasema hakuna. Kwa kompyuta yao, mimi ndiye dereva salama kuliko nyote humu.

Mjomba: Usilipe kipimo. Mwandikie mtengenezaji mwenyewe, mruke wakala. Weka tarehe, kilomita zilizo kwenye karatasi, picha ya taa, video ya honi. Omba waifungue upya kazi ya wito. Na fundi mwingine asiguse, watasema yeye ndiye aliyeharibu. Hata mimi sigusi. Waya za mfuko wa hewa huwezi kuzipima kwa taa ya kujaribia, unaweza kuufyatua usoni.

Shangazi: Na jina la fundi uliandike.

Dada Mkubwa: Halipo Shangazi. Penye sahihi pana mkwaruzo wa kalamu tu.

*Saa 12:40 jioni*

Dada Mkubwa: Mtengenezaji kajibu! Wamenipa namba ya malalamiko. Wanasema wakala atanipigia leo.

Mama: Kapiga?

Dada Mkubwa: Wapi.

Kitindamimba: Nani huyo anagonga geti kama askari?

Dada Mkubwa: Ni mimi. Honi sina. Fungua.

Mama: Si nilikukataza kuliendesha?

Dada Mkubwa: Nimelileta polepole, Mama. Nifungulieni kwanza, utanigombeza ndani.