Jeli na bendeji za nitriki oksidi: gesi inayodumu sekunde chache inatibuje kidonda cha miezi?

MuuguziVidonda:
Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu kubwa ni kusafisha na kufunga vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Wanaovijua watanielewa: wiki hii unaona nyama nyekundu nzuri, wiki ijayo kidonda kimerudi kulekule, na mgonjwa anakutazama usoni akingoja useme kitu.

Siku hizi nasoma kuhusu jeli na bendeji zinazotoa nitriki oksidi (NO). Naelewa kwamba mwili wenyewe huitengeneza kutokana na arginini, kwamba hulegeza mishipa ya damu, na kwamba wagunduzi wa kazi yake walipewa Nobel mwaka 1998. Lakini gesi hii hudumu sekunde chache tu mwilini, na ikikutana na himoglobini ndiyo basi. Sasa inakaaje ndani ya jeli?

La pili linanisumbua zaidi. Makala moja inasema NO husaidia seli kukua na mishipa mipya kuchipua, nyingine inasema inaua seli. Nishike lipi? Na kama tunachotaka ni NO tu, kwa nini tusipake nitrogliserini, dawa ambayo ipo tangu karne ya 19?

PolimaNaDamu:
Mkuu, asante kwa kuuliza kwa niaba ya wagonjwa wako. Mimi ni mkemia wa polima, nashughulika na mirija inayokaa ndani ya mishipa ya damu. Nianze na swali lako la pili, maana ndilo linaloamua mengine yote: makala zote mbili zinasema kweli. Kiasi kidogo sana, cha kiwango cha nanomola, hulegeza mishipa, huzuia chembe sahani (chembe za damu zinazoanzisha mgando) zisigandamane na husaidia kidonda kujenga nyama. Kikipanda hadi mikromola nyingi, NO hukutana na superoksidi (aina ya oksijeni kali inayotengenezwa na seli) na kuzaa peroksinitriti, ambayo hushambulia bakteria na pia seli za mgonjwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema “bendeji hii inatoa NO”, bado hajakwambia kitu. Muulize inatoa kiasi gani, kwa kasi gani, kwa saa ngapi.

Sasa inakaaje? Haikai kama gesi. Inafungwa kwenye molekuli nyingine na kusubiri kichocheo. Kundi mojawapo ni diazeniumudiolati, ambazo huvunjika zikikutana na maji na asidi kidogo, na kila moja huachia molekuli mbili za NO. Kinachonivutia ni jinsi kasi inavyobadilika ukibadilisha amini (molekuli yenye nitrojeni) iliyozibeba. Mojawapo, PROLI/NO, ina nusu-uhai (muda wa nusu yake kuvunjika) wa sekunde mbili hivi katika joto la mwili. DETA/NO, yenye kundi lilelile la kutoa NO, inakaribia saa 20.

Mimi natumia zaidi nitrosothioli, yaani molekuli zinazobeba NO kwenye salfa, hasa moja iitwayo SNAP. Ni unga wa kijani, na ukiuingiza kwenye silikoni mrija nao unakuwa wa kijani. Mwanga, joto na ayoni za shaba huufanya uachie NO, ndiyo maana mirija yetu tunaihifadhi gizani, imefungwa kwa karatasi ya alumini. Rangi ikififia unajua akiba inakwisha. Shabaha yetu inatoka mwilini: utando wa ndani wa mshipa wenye afya hutoa takriban mola 0.5 hadi 4 zidisha kwa 10⁻¹⁰ kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Tukifika hapo, chembe sahani hukaa mbali na plastiki. Wengine hawaweki akiba kabisa. Hupachika shaba kwenye plastiki ili ivunje nitrosothioli zilizomo tayari kwenye damu. Naipenda sana njia hiyo, ingawa inategemea damu ya mgonjwa ina kiasi gani cha nitrosothioli.

Kwa vidonda, njia rahisi ni nitriti na asidi. Tabaka moja la bendeji lina nitriti, lingine ni jeli yenye asidi, na zikigusana juu ya kidonda NO inaanza kutoka. Bendeji ya aina hiyo ilijaribiwa Uingereza kwa vidonda vya miguu vya kisukari, na matokeo yakachapishwa 2018. Baada ya wiki 12, eneo la vidonda lilipungua zaidi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida peke yake. Nasisitiza neno eneo. Kipimo kikuu hakikuwa kidonda kufunga kabisa.

Famasia_Usiku:
Naongezea kuhusu nitrogliserini. Yenyewe haitoi NO hivihivi, inahitaji kimeng'enya cha mwili kuivunja. Ukiitumia mfululizo mwili unaizoea na nguvu yake inashuka, ndiyo maana wagonjwa wa moyo wanaovaa bandiko huambiwa walivue kwa saa kadhaa kila siku. Halafu inapenya ngozi na kuingia kwenye damu: kichwa kinauma, presha inashuka, na mgonjwa akiwa ametumia sildenafili (Viagra) ni hatari kubwa. Marhamu yake ina matumizi mahali pamoja, kwa mfano kwenye mpasuko wa njia ya haja kubwa, lakini pale tunachotaka ni msuli ulegee. Haiui bakteria kama jeli mnazozizungumzia.

MuuguziVidonda:
Nimepata mwanga, asanteni sana. NO ikishatoka, kinachobaki kwenye jeli kinaenda wapi? Kidonda kiko wazi, chochote kitaingia.

PolimaNaDamu:
Hilo ni swali ambalo kila mtengenezaji angepaswa kulijibu kabla hajaulizwa. Diazeniumudiolati ndogo zilizochanganywa tu kwenye plastiki huvuja, na amini zinazobaki zinaweza kugeuka nitrosamini, ambazo baadhi huleta saratani. Ndiyo sababu watu walianza kuzifunga kwa kemia kwenye silika au kwenye mnyororo wa polima wenyewe. Berdazimer, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2024 kwa vipele vya virusi vya moluskamu, imejengwa hivyo: kitoa NO kimeshikwa kwenye polisiloksani, mnyororo wa jamii ya silikoni. Inakuja katika tyubu mbili zinazochanganywa wakati wa kupaka, kwa sababu tyubu ya pili ndiyo inayobeba protoni (asidi) za kuianzisha.

Ukisoma makala nyingine, tafuta grafu ya utoaji. Angalia kama waliipima kwenye maji ya chumvi tu au kwenye majimaji yanayofanana na ya kidonda, na katika joto gani. Angalia pia walipima nini. Kipimo cha Griess huhesabu nitriti, yaani kilichobaki baada ya NO kuisha, na bendeji iliyowekewa nitriti tangu mwanzo itaonekana imefanya kazi hata kama haijatoa gesi yoyote. Kuichanganya gesi na ozoni na kupima mwanga unaotokea kunakuonyesha NO yenyewe, dakika kwa dakika.

Na kwa mgonjwa wako wa leo, endelea kuondoa nyama iliyokufa na kuupunguzia mguu uzito. Hata katika lile jaribio la Uingereza, bendeji iliwekwa juu ya huduma hiyo, haikuchukua nafasi yake.